SHERIA YA MAZINGIRA NA MAAMUZI YA SERIKALI: FUNZO KUTOKA PWANI YA KILWA NA LINDI

(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya wanachama, baada ya sala ya alasiri)





Tumeamriwa na tawi tuseme maneno machache juu ya safari yetu ya Kilwa, na juu ya jambo moja tulilolikuta huko ambalo kwa maoni yetu lawahusu watu wa visiwa kuliko wanavyodhani. Jambo lenyewe ni sheria ya mazingira, na namna sheria hiyo inavyoufunga au inavyoshindwa kuufunga mkono wa Serikali unapotaka kutia saini.

Hapana shaka wako miongoni mwenu watakaojiuliza: mwenye duka la mchele na mafuta ya kupikia ana nini na sheria za mazingira? Elimu yetu sisi ni ya chuoni, na baada ya chuoni ni ya mizani. Lakini mizani nayo ni mwalimu. Mfanyabiashara mwenye akili halipi fedha kabla hajafungua gunia akatia mkono mpaka chini. Anayelipa kwanza kisha akafungua, huyo hana haki ya kulia akikuta mchanga. Na sheria tunayotaka kuisema leo, ukiivua maneno yake marefu, haina maana nyingine ila hiyo: Serikali ifungue gunia kabla ya kulipa.

Tulisafiri kwa shughuli ya samaki wakavu na chumvi. Tulivuka mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi la kusini, tukashuka Nangurukuru, na kutoka hapo tukaenda Kivinje na Masoko. Mwenye kufika huko hawezi kujiona mgeni. Lugha ni ile ile, kanzu ni ile ile, na misikiti iliyobomoka ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yatukumbusha kwamba babu zetu walikuwa na biashara na adabu kabla ya Mreno kuijua njia. Magofu hayo yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikila ufuo, na yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyakarabati na kuyalinda. Twalitaja hili mapema ili ifahamike kwamba bahari haina subira na mtu. Ikishakula, hairudishi.

Sasa tuingie katika maudhui yetu.

Mwezi wa Januari 1969, huko Marekani, mafuta yalimwagika baharini mbele ya mji wa Santa Barbara na kuuchafua ufuo wake. Mwaka huo haukwisha ila Bunge lao lilikwisha pitisha sheria ya mazingira ya taifa, na Rais Nixon akaitia saini siku ya kwanza ya mwaka 1970. Sheria hiyo haikuiambia idara ya Serikali, “Usijenge.” Iliiambia: kabla hujaamua jambo kubwa, andika ni madhara gani yatatokea, andika ziko njia gani nyingine, na watu wayasome uliyoandika. Mahakama zao zimesema wazi kwamba sheria ile humlazimisha mwenye kuamua kutazama, wala haimlazimishi kuchagua lililo jema. Huo ndio udhaifu wake, na hiyo ndiyo nguvu yake pia, kwa sababu mtu aliyetazama mbele za watu hawezi tena kusema hakujua. Fikra hiyo ilienea duniani, na mwaka 1992 mkutano wa mataifa uliofanyika Rio de Janeiro uliifanya kuwa moja ya kanuni zake.

Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya mwaka 1983 iliyounda Baraza la kusimamia mazingira. Lakini Baraza hilo lilipewa ulimi bila kupewa meno. Kazi yake ilikuwa kushauri, na mwenye kushauriwa ana khiari ya kusikia au kutosikia. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali na Kilwa. Uko kaskazini kidogo, katika delta ya Rufiji.

Katika miaka ya 1990 kampuni moja ilitaka kufanya mabwawa makubwa ya kufuga kamba katika delta hiyo, mahali penye msitu mkubwa wa mikoko, mahali ambapo kamba wa Mwenyezi Mungu huzaliwa bila ya mtu kuwafuga. Wataalamu walitazama, na Baraza likatoa shauri kwamba mradi usikubaliwe. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali. Wanavijiji wa delta hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa mazingira, na mradi wenyewe mwishowe ukafa. Lakini tufahamu vyema, ndugu zangu, kwamba haukufa kwa nguvu ya sheria ya mazingira. Sheria ya siku zile ilikwisha sema neno lake, na neno lake likawekwa kando kama kikombe kilichokwisha nywewa.

Kwa ajili ya mambo kama hayo ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Tunaomba mtusikilize kwa makini hapa, maana wengi huisifu au huilaani bila kuijua.

Sheria hiyo, kama ilivyotungwa, yasema katika kifungu cha 4 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 champa mtu huyo njia ya kwenda mahakamani kuidai haki yake. Kifungu cha 81 chasema kwamba mradi wa aina zilizotajwa usianze, wala usitiwe fedha, kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Na hapa ndipo meno yalipo: leseni au kibali kilichotolewa na idara nyingine yoyote hakitoshi. Mtu aweza kuwa na leseni ya madini, na hati ya ardhi, na barua ya mkubwa, lakini kama hana cheti cha mazingira, sheria yamwambia akae chini angoje. Kifungu cha 57 kimekataza shughuli za kudumu, na zile zenye kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ufuoni mwa bahari na ukingoni mwa mito. Kifungu cha 105 chataka miradi mikubwa ya madini, mafuta na gesi, umeme wa maji na maji itazamwe kwa upana, si shimo moja moja. Na kifungu cha 178 chasema wananchi washirikishwe katika maamuzi.

Namna kazi inavyokwenda ni hivi. Mwenye mradi husajili mradi wake. Huambiwa kama wahitaji tathmini kamili au hauhitaji. Huandikwa hadidu za rejea, yaani mambo yatakayotazamwa. Wataalamu waliosajiliwa hutazama na kuandika taarifa. Kamati yenye watu wa wizara mbalimbali huisoma na kwenda kuona mahali penyewe. Kisha shauri hupelekwa kwa Waziri, ambaye kwa mujibu wa sheria ilivyotungwa mwaka 2004 ndiye mwenye kauli ya kutoa cheti au kukikataa, na cheti huja na masharti. Kanuni za mwaka 2005 zikaongeza kwamba watu watangaziwe kwa mabango mahali penye watu, kwa gazeti na kwa redio, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kwamba taarifa iambatane na muhtasari mwepesi katika lugha zote mbili.

Mkiyasikia hayo mtasema, Alhamdulillahi, mlango umefungwa. Sisi nasi tulidhani hivyo. Sasa sikilizeni yaliyotokea Kilwa.

Haikupita miaka minne tangu sheria hiyo kutungwa, kampuni ya Kiholanzi iitwayo BioShape ilikuja Kilwa kutafuta ardhi ya kupanda mbono, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta, na Ulaya siku hizo ilikuwa ikitaka mafuta ya mimea kwa shauku kubwa. Kampuni ilipata kiasi cha hekta 34,000 kutoka vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Ardhi ile haikuwa jangwa. Ilikuwa na msitu wa pwani wenye miti ya thamani. Wanavijiji waliahidiwa kazi na maendeleo. Fedha za fidia zilipokuja, asilimia 60 ilibaki kwa Halmashauri ya Wilaya na vijiji vikapata asilimia 40. Miti ikakatwa. Mbono uliopandwa ulikuwa sehemu ndogo mno ya ardhi iliyochukuliwa. Kufika mwaka 2010 kampuni ilikwisha filisika, kazi zikasimama, na wafanyakazi wakabaki wakitazamana.

Basi ardhi si irudi kwa wenyewe? Hapana. Ili mgeni aipate, ardhi ya kijiji ilibidi kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla, na iliyogeuzwa hairudi kijijini kwa sababu tu kampuni imekufa. Mwenye nyumba aliufungua mlango mara moja akakuta kitasa kimebadilishwa.

Hapo tunauliza: sheria ya 2004 ilikuwa wapi? Jawabu ni kwamba ilikuwapo, na hatua zake zilipitiwa. Lakini Halmashauri, ambayo kazi yake ni kuwa wakili wa wanakijiji, ilikuwa na sehemu yake katika fedha. Kadhi hawezi kuhukumu katika kesi ambayo yeye mwenyewe atagawiwa. Na tathmini ilitazama mmea na udongo na miti, lakini swali kubwa, yaani kampuni ikifilisika itakuwaje, halikumfunga mtu yeyote kutoa jawabu. Ndiyo maana tumesema kwamba sheria hii humwamuru mtu atazame. Haiwezi kumpa macho, na wala haiwezi kumwondolea tamaa.

Tusiseme uovu peke yake, tukawa wasiotoa ushahidi wa haki. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa kuna vijiji kama Kikole na Kisangi ambavyo, kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vilipewa mamlaka juu ya misitu yao. Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi mwema, na mpingo wake ukauzwa kwa faida ya kijiji chenyewe. Msitu mmoja, wilaya moja, miaka ile ile. Pale mwenye kuamua alipokuwa ndiye mwenye kupata hasara, mti ulihesabiwa kabla ya kukatwa.

Jambo la tatu ni la mifugo, nalo ni zito kwa sababu lilifanywa kwa jina la mazingira lenyewe. Mwaka 2006 Serikali ilitoa mkakati wa haraka wa kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji, na katika mwaka ule na uliofuata wafugaji waliondolewa na ng’ombe wao kutoka bonde la Usangu na Ihefu, wakaelekezwa mikoa mingine, na wengi wakaja Lindi, hata Kilwa. Mateso waliyoyapata njiani yalimfanya Rais aunde tume ya uchunguzi mwaka 2007. Sisi hatuwalaumu wafugaji. Wao walisukumwa. Lakini wakulima wa Kilwa waliamka asubuhi wakakuta mifugo mingi katika nchi ambayo haikuwa na dasturi ya mifugo mingi, na ugomvi wa shamba na malisho ukaanza. Kule kulikotolewa ng’ombe palisemwa kuwa mazingira yamehifadhiwa. Huku walikoletwa, maji na malisho vilitazamwa na nani? Ukitoa takataka chumbani mwako ukazimwaga barazani kwa jirani, usiseme umefagia nyumba.

Na sasa gesi, maana gesi ndiyo inayotuhusu sisi wa visiwa khasa.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya bahari miaka 30 mpaka ilipoanza kutumika mwaka 2004, mwaka ule ule wa sheria yetu. Bomba lake lapita baharini kilomita 25 mpaka Somanga, kisha nchi kavu kilomita 207 mpaka Dar es Salaam. Mradi ulitengenezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na benki haitoi mkopo wa namna ile bila ya tathmini ya mazingira. Kwa hiyo tathmini ilifanywa kabla ya sheria ya 2004 kuwapo. Hapa pana fundisho la kutia uchungu. Mkopeshaji alipotaka kufunguliwa gunia, lilifunguliwa. Mwananchi akitaka lifunguliwe, huulizwa ametumwa na nani.

Bomba la pili, kubwa zaidi, la kutoka Mtwara na Songo Songo, lilizinduliwa mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Mtwara kulitokea ghasia na watu wakapoteza maisha, kwa sababu wananchi waliona gesi yaondoka na wao hawakuulizwa. Sisi hatusifu ghasia hata kidogo. Lakini mwenye kuziba masikio yake mwezi wa kwanza asishangae kusikia kelele mwezi wa tano.

Huko Lindi, katika Likong’o na mitaa jirani, eneo lipatalo zaidi ya hekta 2,000 lilitengwa kwa mtambo wa kusindika gesi iwe maji ili isafirishwe nje. Wenye mashamba walingoja fidia miaka kadhaa, nayo ilianza kulipwa mwaka 2020. Mtu aliyeambiwa shamba lake litachukuliwa hapandi mnazi mpya. Miaka hiyo ya kungoja haina mstari wake katika taarifa ya mtaalamu, lakini katika daftari la duka ina mistari mingi, maana mtu asiyepanda hukopa.

Na juu ya mto Rufiji, bwawa kubwa la umeme lilianza kujengwa mwaka 2019 baada ya mkataba kutiwa saini Desemba 2018. Kamati ya Urithi wa Dunia ilionyesha wasiwasi wake juu ya kazi kuanza hali tathmini hazijatosheleza. Maji ya mto ule ndiyo yanayolisha delta, na delta ndiyo inayolisha wavuvi wa upande ule wote wa bahari. Faida ya umeme hatuikatai, maana hata friji ya dukani kwetu yautaka. Twasema tu kwamba Serikali ikiwa ndiyo mwenye mradi na ndiyo mwenye kutoa cheti, hapo ndipo sheria hupimwa.

Ndugu wanachama, tungekuwa tumewaletea huzuni tupu lau tusingewapa khabari ya mwisho, ambayo ndiyo iliyotufanya tuombe nafasi ya kusema.

Mwenyeji wetu huko pwani ni mzee auzaye nyavu na kamba. Alituambia kwamba mradi mmoja, tusioutaja jina, ulikuwa wataka kujenga ua na ghala karibu na diko lao. Tulikwenda naye katika ofisi fulani, nayo pia hatuitaji. Kijana karani alitupokea kwa heshima, “Shikamoo wazee, karibuni,” akatuonyesha kitabu kinene cha Kiingereza. Mzee akakipapasa, akarudi nyuma, akasema, “Basi, hatuna letu hapa.” Lakini katika msafara wetu alikuwamo mwalimu mstaafu, naye akauliza kwa upole, “Mwanangu, muhtasari wa Kiswahili uko wapi?”

Karani akafungua droo. Ulikuwamo. Karatasi chache, safi, hazijaguswa. Kijana mwenyewe akasema, “Wallahi, mwalimu, hakuna aliyewahi kuuliza.”

Siku ile, baada ya alasiri, zilisomwa kwa sauti barazani. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba sehemu ile ya ufuo “haitumiki sana na wavuvi.” Wazee wakatazamana, kisha mmoja akacheka. Mtaalamu alikuja wakati wa kaskazi. Diko lile ni la kusi, kwa sababu wakati wa kusi upepo hupiga upande wa pili, na hapo ndipo pekee ngalawa zinapoweza kupanda kwa salama. Miezi ya kaskazi halina mtu. Aliyekuja mara moja aliona kweli, lakini aliona nusu ya mwaka.

Basi wakaandika barua. Waliandika majina ya ngalawa, miezi, na pepo. Walipeleka nakala mbili, wakataka moja irudishwe na muhuri na tarehe. Baada ya muda ramani ikabadilishwa, ukaachwa ufuo wa kutosha na njia ya kupitia. Ombi lao la pili, la fidia kwa mwamba wa pweza wanaoutegemea akina mama, mpaka tunaondoka halikuwa limejibiwa. Hatukuja kuwaambia kwamba walishinda. Walipata nusu. Lakini nusu ile isingekuwapo lau mwalimu asingeuliza swali moja.

Sasa tuirudie nyumba yetu. Mazingira si jambo la Muungano. Sisi tuna sheria yetu wenyewe, Namba 3 ya mwaka 2015, nayo yataka tathmini kama ile ya Bara. Tuna sheria yetu ya mafuta na gesi ya mwaka 2016, na Oktoba 2018 mkataba wa kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Pemba na Unguja ulitiwa saini na kampuni ya RAK Gas. Tangu mwaka 2021 visiwa vyetu vidogo vimekuwa vikikodishwa kwa wawekezaji. Wangapi kati yetu tuliopo barazani hapa tumewahi kuomba kuona karatasi moja ya tathmini? Sisi tunaosema tunaanza kwa kukiri: hatujawahi. Tumepiga kelele mikutanoni, tumelaani, tumeimba. Lakini hatukwenda kwenye droo.

Tukiri na jambo la pili. Sisi wenye maduka, kila unaposikika mradi, moyo hutudunda kwa furaha, kwa kuwa vibarua hununua sukari na unga. Huko Kilwa baadhi ya wenzetu waliwakopesha wafanyakazi wa mbono, na kampuni ilipokufa deni likafa nalo. Kwa hiyo msidhani kwamba anayedanganywa na ahadi ni mkulima peke yake.

Twapendekeza, kwa hivyo, mambo manne, na tawi liyajadili.

Kwanza, kila tawi lichague watu wawili, mmoja mzee ajuaye bahari na mmoja kijana ajuaye kusoma nyaraka, ambao kazi yao itakuwa kufuatilia matangazo ya miradi katika gazeti, redioni na kwenye mbao za ofisi.

Pili, kila panapotajwa mradi, tuombe maelezo yake kwa Kiswahili, kwa barua yenye tarehe, na tuweke nakala yenye muhuri. Neno la mdomo hupeperuka, bali karatasi hungoja.

Tatu, ushahidi wetu uwe wa mambo tunayoyajua: miezi, pepo, mikondo, miamba, visima, makaburi. Tusiende kubishana na mtaalamu katika elimu yake. Tumpe elimu yetu, ambayo yeye hanayo. Na akina mama wanaochokoa pweza na kulima mwani wawemo tangu siku ya kwanza, wasiitwe mwishoni kutia dole gumba.

Nne, na hili ni zito kwa chama. Tusipinge kila mradi kwa kuwa tu ni wa Serikali iliyopo. Ukiwa mwema, tuseme ni mwema, na tuulize masharti yake. Kwani siku moja, inshallah, wenzetu watakaa katika viti vile, na kalamu itakuwa mikononi mwao, na mwenye fedha atabisha hodi mlangoni mwao. Ikiwa leo tunaidai sheria kwa sababu ya kumkera mwenye kiti, kesho tutaisahau tutakapokalia kiti. Ikiwa twaidai kwa sababu ya ufuo na kisima, basi itatufunga na sisi, na hiyo ndiyo heshima yake.

Ndugu Mwenyekiti, tumeulizwa na kijana mmoja kabla hatujaanza kusoma: kuna faida gani kuwa na sheria ikiwa mkubwa aweza kutazama kisha akaamua apendavyo? Tunamjibu hivi. Delta ya Rufiji mwaka 1997 ilikuwa na shauri jema lililopuuzwa, na wanavijiji wakalipeleka shauri hilo hilo mahakamani likawa silaha yao. Lau lisingeandikwa, wangekuwa na machozi tu. Aliyeandika madhara kwa mkono wake amempa mwenye kudhurika ushahidi. Kazi yetu ni kwenda kuuchukua.

Tumeandika katika daftari letu la dukani, ukurasa wa kwanza, majina ya wawili wa tawi letu waliokubali kazi hii. Nafasi za matawi mengine ziko wazi chini yake. Kalamu iko juu ya meza.